Kinga ya Muuguzi Mbele ya Sheria

Muuguzi huwajibika kisheria kwa uzembe pale mambo manne yanapokutana: alikuwa na wajibu kwa mgonjwa, akaukiuka, mgonjwa akadhurika, na madhara yakatokana na ukiukaji huo. Nchini Tanzania tukio moja linaweza kumfikisha mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010. Linaweza pia kumfikisha katika shauri la fidia, ambamo mwajiri naye huweza kuunganishwa, na hata katika kesi ya jinai, kwa kuwa kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa pia matibabu ya kizembe.

Kinga ya kwanza ni kumtambua mgonjwa. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mgonjwa aulizwe ataje majina yake yote mwenyewe, kisha yalinganishwe na namba ya faili. Mwenye maumivu huitikia jina lolote analoitwa.

Kinga ya pili ni maandishi. Madai ya uzembe yaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, na kufikia hapo muuguzi wa wodi ya wazazi huko Ubungo ameshahudumia kina mama wengi mno kukumbuka usiku mmoja. Neno "anaendelea vizuri" halitamtetea. Kitakachomtetea ni hiki: "Saa 8:10 usiku, presha 160/110, kichwa kinauma, anaona ukungu. Daktari wa zamu kapigiwa saa 8:15, kaagiza magnesiamu; imetolewa saa 8:25." Daktari asipopokea, muuguzi hupiga tena, humtafuta mkubwa wa zamu, na kuandika kila simu. Kosa la kalamu hukatwa kwa mstari mmoja na kusainiwa. Kulifuta huonekana kama kuficha ushahidi.

Yanayobaki ni leseni iliyo hai, kutovuka mipaka ya mafunzo, ridhaa ya mgonjwa na kutunza siri zake, picha za simu zikiwamo. Uhaba wa wauguzi haufuti wajibu. Zamu inapolemewa, muuguzi mfawidhi apewe taarifa ya maandishi mapema, ili msaada utafutwe kabla mgonjwa hajadhurika.