Chuo cha Graben Mjini Butembo: Historia Yake na Suala la Lugha

Utangulizi

Mjini Butembo, kaskazini kidogo ya mstari wa ikweta katika Mkoa wa Kivu ya Kaskazini, kipo chuo ambacho wenyeji hukiita kwa kifupi Graben. Jina lake kamili ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Neno lenyewe ni la Kijerumani, na wanajiolojia hulitumia kwa ardhi iliyodidimia baina ya nyufa mbili. Hapa lakusudiwa tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambalo Butembo imekaa katika nyanda za juu za ukingoni mwake. Hivyo chuo chenye jina la Kijerumani hufundisha kwa Kifaransa, katika mji ambao watu wake husema Kinande nyumbani na Kiswahili wanapokutana na wageni na majirani wa makabila mengine.

Nia ya makala haya ni kueleza chimbuko la chuo hiki kisichokuwa cha serikali, na kuonyesha jinsi suala la lugha, ambalo kwa kawaida huonekana kuwa la wanaisimu peke yao, lilivyogeuka kuwa suala la uhai na kifo katika miaka ya 2018 hadi 2020.

Chimbuko la chuo

Mwaka 1971 serikali ya Zaire iliunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi, vikiwemo vile vilivyoanzishwa na makanisa, vikawa Chuo Kikuu cha Taifa kimoja. Mwaka 1981 chuo hicho kiligawanywa tena kuwa vitatu: Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Kijana wa Butembo au Beni aliyetaka kusomea udaktari au sheria alilazimika kusafiri mamia ya kilomita, tena kwa barabara zilizozidi kuharibika kila mwaka. Wazazi wengi hawakuweza kumudu safari hiyo, na baadhi ya waliofika huko hawakurudi kufanya kazi kwao.

Mlango ulifunguka mwaka 1989, serikali ilipoacha kujihodhia elimu ya juu. Mwaka huohuo Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza Jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, akakianzisha chuo cha Graben. Miongoni mwa vitivo vyake ni vya tiba, sheria, kilimo na uchumi. Yaani elimu ambayo mji wa biashara uliozungukwa na mashamba uliihitaji moja kwa moja. Kataliko baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Mwaka 2000 watawala wa kivita wa Bukavu walimzuia asirudi katika jimbo lake, naye akakaa Butembo miezi kadhaa. Alifariki Roma mwezi wa Oktoba mwaka huohuo.

Wakati wa kuanzishwa kwake ulikuwa mgumu. Miaka ya tisini ilikuwa ya mfumuko wa bei, mishahara isiyolipwa na uporaji mijini, kisha zikafuata vita vya 1996 na vya 1998. Chuo cha namna hii hutegemea zaidi ada za wanafunzi, ambazo Wakongo huziita minervali, na ada hizo hutoka katika mavuno ya kahawa na maharagwe, au katika faida ya duka dogo. Bei ya mazao ikianguka, au barabara ya kwenda sokoni ikifungwa na vita, darasa hupungua. Hata hivyo chuo kilivuka vipindi hivyo. Aliyekuwa mkuu wake, Padri Apollinaire Malu Malu, ndiye aliyeiongoza Tume Huru ya Uchaguzi iliyosimamia uchaguzi wa taifa wa mwaka 2006.

Mfano huo haukubaki Butembo peke yake. Mjini Beni, mwaka 2007, kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kikristo chenye Lugha Mbili cha Kongo, kwa juhudi za David Kasali, mwanatheolojia aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Lugha mbili zinazotajwa katika jina hilo ni Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili, ambacho ndicho kinachowawezesha wanafunzi wa Beni kuelewana na mji unaowazunguka, hakimo katika hesabu.

Lugha ndani na nje ya darasa

Ibara ya kwanza ya Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Katika shule za msingi sheria huzipa lugha za nchi nafasi katika ufundishaji. Katika chuo kikuu nafasi hiyo haipo. Mwanafunzi wa tiba hujifunza kwa Kifaransa majina ya viungo, ya maradhi na ya dawa kwa miaka mingi. Siku anapoingia wodini hukutana na mama anayemweleza kwa Kiswahili au Kinande jinsi mtoto wake alivyoanza kuugua.

Tena Kiswahili cha mama huyo si kile cha vitabu vya Dar es Salaam. Yeye husema mutoto na batoto, si mtoto na watoto. Mtoto mchanga kwake ni katoto. Na mwanawe anayesoma atasema niko nasoma. Huu ni mfumo kamili wenye kanuni zake. Daktari kijana aliyezaliwa Butembo anaujua tangu utotoni, lakini hakuna aliyemfundisha kuutumia kuelezea elimu aliyoipata.

Mtihani wa miaka ya 2018 hadi 2020

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia katika eneo la Beni. Ugonjwa uliendelea hadi tarehe 25 Juni 2020. Walioambukizwa walikuwa 3,470, na waliofariki 2,287.

Kazi ya kuupiga vita ugonjwa huo iliitwa Riposte, na watu wa kawaida walilitumia neno hilo bila ya kulitafsiri. Kwa Kifaransa ni neno la mapigano, maana yake ni pigo la kujibu pigo. Kwa mwananchi lilikuwa jina la magari, wageni na fedha. Maneno mengine nayo yalikuwa na hatari yake. Mgonjwa ambaye hajathibitishwa huitwa kwa Kifaransa suspect. Likitafsiriwa moja kwa moja kuwa mshukiwa, mgonjwa anafanana na mwizi aliyekamatwa. Kumweka mgonjwa mbali na wengine, likiitwa kumtenga, latumia kitenzi kilekile cha mtu aliyefukuzwa katika ukoo au katika ushirika wa kanisa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mtu anayeambiwa kwamba atashukiwa kisha atatengwa, ana sababu ya kuyaficha.

Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilichunguza jambo hili na kuona kwamba matangazo ya Kifaransa, na hata ya Kiswahili sanifu, hayakueleweka vizuri kwa wengi. Watu walitaka maelezo kwa Kiswahili chao na kwa lugha za kwao kama Kinande.

Si haki kusema kwamba lugha peke yake ndiyo iliyoleta maafa. Palikuwepo mauaji ya raia katika eneo la Beni tangu Oktoba 2014, palikuwepo siasa, na palikuwepo hofu ya miaka mingi. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo cha Graben yenyewe. Hata hivyo, pale ambapo watu hawaaminiani, maelezo yasiyoeleweka huongeza shaka badala ya kuipunguza.

Hali ya leo

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021, ikaisha tarehe 3 Mei mwaka huo. Safari hii wagonjwa walikuwa 12, na 6 kati yao walifariki. Chanjo ilikuwepo, na wauguzi wa hapohapo walikuwa na uzoefu. Mwezi huohuo wa Mei serikali iliuweka mkoa chini ya utawala wa kijeshi. Chuo nacho, pamoja na vyuo vingine vya nchi, kiliingia katika mpango mpya wa masomo ulioanza mwaka 2021, ambao umechukua nafasi ya ule wa graduat na licence.

Hitimisho

Wazazi wa Butembo walionyesha kwamba jamii yaweza kusimamisha chuo pasipo kuingoja serikali, na kukilinda katika vita na maradhi. Mageuzi ya mitaala ni wakati wa kufaa kuongeza jambo ambalo halihitaji fedha nyingi: somo la mawasiliano ya tiba kwa Kiswahili cha Kivu na kwa Kinande, na faharasa ya istilahi itakayoandaliwa na madaktari pamoja na wanaisimu, kisha ijaribiwe mbele ya wagonjwa wenyewe. Wazazi wanaolipa ada kwa jasho lao wanastahili kuelezwa ugonjwa wa mtoto wao kwa lugha wanayoielewa.