Mapato ya Vitu Visivyopandwa

Wasomaji wetu wajua kwamba katika nyumba nyingi za pembeni mwa Dar es Salaam, tangu Kunduchi na Kawe hata Temeke na Mbagala, mshahara huisha kabla ya mwezi. Basi mama na watoto hutazama huku na huku waone kitu gani chaweza kuokotwa na kuuzwa. Kazi hii si ya aibu hata kidogo. Ila kabla ya kushika kikapu yafaa mtu ajiulize, kitu hiki nikikichukua, je, mwakani kitakuwapo?

Wazee wa pwani walikuwa na mali ya namna hii. Katika karne ya 19 watu wa Mrima walichimba sandarusi, yaani utomvu wa miti ya kale uliofukiwa mchangani miaka mingi hata ukawa mgumu kama jiwe. Utomvu mbichi wa mtini uliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa duni. Sandarusi ilipelekwa Unguja, na huko wafanya biashara wa Salem katika Marekani waliinunua ili watu wa kwao watengeneze vanishi. Mchimbaji akichimba shimo, shimo hilo halikuzaa tena. Baadaye vanishi za viwandani zikaja, na biashara ile ikafifia.

Makombe ya baharini yana hatari iyo hiyo. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vimehifadhiwa tangu 1975, wala haifai kuokota huko. Tena yuko konokono mkubwa wa bahari ambaye watu hupenda gamba lake kwa kulipuliza kama baragumu. Huyu hula kile kiti cha pweza chenye miiba kinachomaliza matumbawe. Anayemuuza mgeni gamba zuri pengine amewapunguzia wavuvi wa Msasani samaki, maana samaki wengi hukaa penye matumbawe. Magamba ya kasa hatuna haja ya kuyasema sana, sheria imeyakataza.

Mbuyu ni habari nyingine. Tunda lake likianguka, mti haudhuriki, na mwaka ujao huzaa tena. Lakini mbuyu mara nyingi una mwenyewe, au umo katika kiwanja cha mtu, basi ombeni kwanza. Vunjeni kaka, toeni nyuzi, mkaanike ubuyu mahali pakavu. Ukiingia maji huota ukungu. Wengi huyeyusha sukari motoni, wakatia iliki na rangi, kisha wakakoroga ubuyu humo na kuuza kwa vifungu vidogo. Watoto huupenda sana. Sisi twaona afadhali kuloweka ubuyu katika maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kuchuja, kutia sukari kidogo na kugandisha barafu, kwa sababu vitamini C iliyo nyingi katika ubuyu huharibiwa na moto. Wageni nao wameutambua: Umoja wa Ulaya uliruhusu ubuyu uuzwe katika nchi zake mwaka 2008.

Hapa waalimu waweza kusaidia. Mtoto na aandike katika daftari sukari ya shilingi ngapi, mkaa wa shilingi ngapi, nauli ya kwenda sokoni na kurudi, kisha atoe katika fedha iliyopatikana. Tumeona watu wanaofurahia sarafu za jioni, na kumbe nusu yake ni mtaji wa kesho.

Mboga za porini, kama mchunga na mlenda, nazo zina wanunuzi, na mtu akichuma majani bila kung'oa shina, huchipua tena. Jambo moja tu twalikazia: msichume kandokando ya mto Msimbazi. Maji yake hupokea taka za viwanda na za vyoo, na jani laweza kuwa bichi na zuri huku ndani lina sumu isiyotoka kwa kuoshwa. Mnunuzi hajui lilikochumwa. Ni ninyi mnaojua.

Mabungo hayangoji. Yakiiva yakamuliwe na kuuzwa siku ile ile, au mapema kesho yake. Ukwaju ni mvumilivu zaidi: ukimenywa, ukakandamizwa katika chombo kikavu na kufunikwa vizuri, hukaa miezi, hata bei ipande.