Kabla ya kununua pikapu mpya za gitaa, jua kwanza kinachokusumbua

Msimu wa harusi ukikaribia, vijana wa bendi huniuliza swali lile lile: "Gitaa langu halina sauti nzuri, ninunue pikapu gani?" Mara nyingi anayeuliza ana gitaa la umeme la bei nafuu, nakala ya Stratocaster, na pesa ameshaanza kuziweka kando. Mimi humjibu kwamba pikapu mpya zaweza kuligeuza gitaa hilo likawa jingine kabisa. Vile vile zaweza kummalizia akiba yake akabaki na kelele ile ile. Yote yategemea kama anajua pikapu hufanya kazi gani, na ubovu wa gitaa lake umekaa wapi.

Pikapu ninayoizungumzia hapa si gari la kubebea mizigo. Ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi, baina ya shingo ya gitaa na daraja lake. Ndani mna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba mno, unene wake kama milimita 0.06. Pikapu ya kawaida ya Stratocaster huwa na mizunguko ya waya ipatayo 8,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya. Umeme huo hupitia kwenye vitufe vya sauti, hutokea kwenye jeki, kisha huingia kwenye amplifaya ukakuzwa. Mmarekani George Beauchamp aliitumia kanuni hii mwaka 1931 katika gitaa lililokuja kuuzwa kwa jina la Rickenbacker, na haijabadilika hadi leo.

Pikapu basi ni sikio la gitaa, na sikio lenyewe husikia chuma peke yake. Ndiyo sababu pikapu ya sumaku haifai kwa udi wetu wa taarab. Nyuzi za udi ni za nailoni, na hata zile nene zilizozungushiwa waya wa shaba hazina la kuiambia sumaku. Udi unataka pikapu ya aina nyingine, ile inayobandikwa kwenye ubao ikasikia mtikisiko wa ubao wenyewe.

Mngurumo unatoka wapi?

Koili inayosikia nyuzi husikia pia stima iliyo ukumbini. Umeme wa Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na koili huudaka ukasikika kama mngurumo mzito. Taa za kupunguzwa mwangaza, chaja za simu na jenereta huongeza mlio juu yake. Hii ni tabia ya pikapu yoyote ya koili moja, iwe ya bei rahisi au ya bei ghali.

Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, alibuni pikapu yenye koili mbili. Zimezungushwa kinyume, na sumaku zake pia zimeelekezwa kinyume. Mngurumo unaoingia kwenye koili hii hufutwa na ule ulioingia kwenye koili ya pili, lakini sauti ya nyuzi hujumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka. Sauti yake ni nene na yenye nguvu kuliko koili moja, ila ule ung'avu wa juu hupungua.

Kwa maoni yangu, bendi inayopiga chakacha na rumba hotelini itafaidika zaidi na koili moja iliyo nzuri, kwa sababu gitaa linatakiwa lipenye baina ya kinanda na ngoma bila kupigwa kwa nguvu. Anayepiga roki, au anayecheza kwenye kumbi ambazo stima yake ina kelele nyingi, hambaka itamfaa zaidi.

Kagua haya kabla hujatoa pesa

Sisi tunaoishi kando ya bahari tuna adui ambaye watu wa bara hawamjui sana. Hewa ya chumvi hula chuma, na hata shaba huishika ikaifanya kijani. Magitaa mengi ninayoletewa eti pikapu zimekufa, pikapu zake ni nzima. Kilichoharibika ni kitu kidogo kilicho njiani.

Anza na nyuzi. Zikishika kutu sauti hufifia, na hakuna pikapu itakayozifufua. Weka mpya, kisha usikilize upya. Halafu jaribu kebo nyingine, na uitikise jeki taratibu. Ikikwaruza au sauti ikikatika, jeki imelegea au imeshika kutu. Zungusha vitufe vya sauti navyo. Vikikwaruza, dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme huvitengeneza mara nyingi.

Kisha tazama kimo cha pikapu. Kwa pikapu ya koili moja, bonyeza uzi kwenye kituo cha mwisho cha shingo, upime nafasi baina ya uzi na sumaku. Anzia milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba na milimita 2.4 upande wa nyuzi nene, halafu rekebisha kwa sikio. Ikiwa mbali, sauti huwa dhaifu. Ikiwa karibu mno, sumaku huuvuta uzi na noti ikayumba kana kwamba gitaa halikulinganishwa. Kazi hii ni ya bisibisi na dakika kumi, na haina gharama.

Sikiliza pia mngurumo unapozigusa nyuzi kwa mkono. Ukipungua, waya wa ardhi ndani ya gitaa uko sawa. Kinachohitajika ni kuvalisha mashimo ya ndani karatasi ya shaba yenye gundi na kuiunganisha na ardhi. Ukizidi, yaelekea waya wa ardhi umekatika, au nyaya za jeki zimebadilishana mahali. Lakini ukihisi umeme ukikuchoma mkononi, au mdomoni ukikaribia maikrofoni, weka gitaa chini na uzime mitambo. Hilo si jambo la pikapu. Ni stima ya ukumbi au ya jenereta isiyo na ardhi, au amplifaya mbovu, nayo yaweza kuua. Asipige mtu hata wimbo mmoja mpaka fundi wa umeme akague.

Mwisho, chukua mita ya umeme na upime ukinzani wa pikapu kwenye kipimo cha kilo-omu 20. Koili moja iliyo nzima kwa kawaida husoma baina ya 5 na 7, na hambaka ya kawaida baina ya 7 na 9, ingawa ziko zinazozidi. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika, mara nyingi kwa sababu ya chumvi. Hapo pikapu imekufa kweli.

Kuchagua na kufunga

Ukishajua kwamba tatizo ni pikapu, ifungue uitazame kwa chini. Magitaa mengi ya bei nafuu yana vijiti sita vya chuma cha kawaida, na kipande kimoja cha sumaku ya seramiki kimegundishwa chini yake. Pikapu za mtindo wa zamani hutumia vijiti ambavyo vyenyewe ni sumaku, vya mchanganyiko uitwao alniko. Kwa kawaida alniko husikika laini, na seramiki hupiga kwa ukali. Usidanganywe na namba ya omu peke yake. Omu nyingi huonyesha tu kwamba waya ni mrefu au ni mwembamba, si kwamba sauti ni bora.

Pima umbali baina ya uzi wa kwanza na wa sita pale juu ya pikapu, na kina cha shimo, kabla ya kuagiza. Jua pia kwamba koili moja huendana na vitufe vya kilo-omu 250, na hambaka huendana na vya 500. Ukiifunga hambaka kwenye vitufe vya 250, sauti itazibika kidogo, nawe utailaumu pikapu bure.

Kazi ya kufunga anaiweza yeyote ajuaye kulehemu redio. Piga picha ya nyaya zote kabla ya kugusa chochote. Legeza nyuzi, fungua kibao cha plastiki, ufuate nyaya mbili za pikapu: mmoja huenda kwenye swichi, mwingine kwenye ardhi nyuma ya kitufe. Chuma cha kulehemu cha wati 40 chatosha. Usikikawize kwenye kitufe, maana joto jingi hukiharibu. Kabla ya kufunga kibao, chomeka kebo na ugonge kila pikapu polepole kwa bisibisi ili usikie kama iko hai.

Ukichanganya pikapu mpya na za zamani, yawezekana zikilia pamoja sauti ikawa nyembamba, ya puani. Maana yake zinapingana. Kwa koili moja isiyo na kifuniko cha chuma, badilishanisha nyaya mbili za ile mpya na tatizo litakwisha. Pikapu za zamani usizitupe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Huenda sauti mpya isikupendeze.

Na kama pesa hazitoshi kwa seti nzima, nunua moja, ya mahali unapopigia zaidi. Kwa wengi ni ile ya shingoni au ya darajani, na hizo mbili nyingine hungoja. Ukishaifunga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, na lilaze gitaa ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha linaloelekea baharini. Chumvi iliyoila pikapu ya kwanza ndiyo itakayoila na ya pili.