Windows ya Zamani Ndani ya Kontena: Njia ya Kuokoa Kazi za Ofisi za Kanisa



Katika ofisi nyingi za makanisa yetu, kuanzia Makiso na Mangobo hapa Kisangani hadi parokia za Isangi na Banalia, kuna kompyuta moja ambayo kila mtu anaogopa kuigusa. Ni ya zamani na feni yake inapiga kelele. Lakini ndani yake mna orodha ya washiriki, hesabu za sadaka, matangazo ya ibada ya miaka mingi na majina ya waliobatizwa. Programu iliyotumika kuandika mambo hayo inakubali Windows ya zamani tu. Siku kompyuta hiyo itakapokufa, itakufa na nini?

Leo tunataka kueleza njia moja inayotumiwa na mafundi: kuendesha Windows ndani ya kontena, juu ya kompyuta nyingine iliyo nzima.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Muda wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inakataa kompyuta nyingi za zamani, kwa sababu inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Tena Microsoft imetangaza kwamba Publisher, ambayo makanisa mengi yameitumia kutengenezea matangazo na vyeti, mwisho wake ni Oktoba 2026.

Kwa hiyo ofisi inajikuta katikati. Kompyuta mpya haipokei programu ya zamani, na kompyuta ya zamani haitadumu.

Kontena ni nini?

Kila mtu wa Kisangani amewahi kuona mizigo iliyopanda mto kutoka Kinshasa. Bidhaa zikifungwa vizuri ndani ya sanduku moja, hazijali zinasafiri kwa boti gani. Kontena ya kompyuta ni hivyo hivyo. Ni programu iliyofungwa pamoja na vitu vyote inavyohitaji, ili ifanye kazi sawasawa kwenye kompyuta yoyote itakayoipokea. Chombo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni Docker, kilichotolewa mwaka 2013.

Lakini hapa pana neno la kuelewa vizuri. Kontena haina moyo wake yenyewe. Inatumia moyo wa mfumo wa kompyuta inayoibeba, ambao mafundi huuita kerneli. Kontena ya Linux inatumia kerneli ya Linux, na Windows haiwezi kuishi juu ya kerneli hiyo. Basi Windows inaingiaje?

Inaingia kwa kupitia mashine pepe. Ndani ya kontena huwekwa programu iitwayo QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Programu hii inajifanya kompyuta nzima: ina diski, memori, kadi ya mtandao na skrini, vyote vya kuigiza. Windows ikiwekwa humo inadhani iko kwenye kompyuta ya kweli. Ili isiende polepole, Linux ina sehemu iitwayo KVM, iliyoingizwa ndani yake mwaka 2007, inayomruhusu mgeni huyo kutumia prosesa halisi moja kwa moja.

Kwa hiyo ni nyumba ya ghorofa: chini kuna Linux, juu yake kontena, ndani ya kontena kuna QEMU, na ndani ya QEMU kuna Windows.

Mtu atauliza: kama mashine pepe ndiyo inayofanya kazi, kontena ni ya nini? Faida yake ni urahisi. Mradi wa wazi uitwao dockur umeshafunga vitu hivi pamoja. Fundi anaandika faili fupi ya maneno: Windows gani, memori kiasi gani, diski ya ukubwa gani, folda gani ya kuhifadhia. Kontena inaiweka Windows yenyewe. Katibu anafungua kivinjari chake, anaingia kwa mlango namba 8006, na Windows inatokea mbele yake. Kompyuta hiyo ikiharibika, faili ile ile pamoja na folda ile ya kuhifadhia vinahamishiwa kwenye nyingine na kazi inaendelea.

Ofisi inahitaji nini

Kwanza, kompyuta yenye Linux, kama Ubuntu au Debian, ambayo prosesa yake inakubali mashine pepe. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zinakubali, ila mara nyingi lazima uwezo huo uwashwe kwanza katika BIOS. Kwenye Ubuntu, amri ya kvm-ok inajibu kama uko tayari.

Pili, memori. Bila kuambiwa vingine, dockur inampa mgeni gigabaiti 4 za memori na diski ya gigabaiti 64. Kompyuta yenye gigabaiti 8 za memori inaweza kuanza. Windows XP inatosheka na kidogo sana kuliko hapo.

Tatu, mega za intaneti. Kupakua Windows 10 au 11 kunakula gigabaiti zaidi ya 5, na hizo ni franga nyingi. Afadhali kupakua mara moja mjini, kuhifadhi faili ya Windows pamoja na kontena yenyewe kwenye diski ya nje, kisha kuzipeleka Opala au Bafwasende bila kununua mega tena. Angalizo: diski iliyotengenezwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4. Itengenezwe kwa exFAT au NTFS.

Nne, ruhusa. Mradi huu ni wa bure, lakini Windows si ya bure. Ufunguo halali bado unahitajika. Kanisa lisiokoe vitabu vyake kwa kitu cha wizi.

Mahali ambapo kazi inaweza kupotea

Hapa tunaomba msomaji atulie, kwa maana ndipo penye hatari yenyewe.

Kontena imetengenezwa ili iweze kutupwa na kuundwa upya wakati wowote. Kama diski ya Windows imebaki ndani ya kontena tu, siku fundi atakapoifuta, kila kitu kitakwenda nayo. Ndiyo maana katika faili ile fupi lazima folda ya kompyuta halisi iunganishwe na folda ya kontena iitwayo /storage. Muulizeni fundi wenu awaonyeshe folda hiyo kwa macho. Kisha inakiliwe kwenye diski ya nje, Windows ikiwa imezimwa, na nakala moja ikae mbali na ofisi.

Umeme ni jambo la pili. Ukikatika ghafla, ni sawa na kuchomoa waya wa kompyuta ya kweli: diski ya mgeni inaweza kuharibika. Betri ya akiba inahitajika, hata ndogo, ya kutosha kuzima kwa utaratibu. Docker kwa kawaida hungoja sekunde 10 tu kabla ya kuua kontena, na Windows haizimiki kwa sekunde 10. Katika faili ya dockur muda huo huwekwa kuwa dakika 2. Msiuondoe.

La tatu ni usalama. Windows ya zamani ndani ya kontena inabaki ya zamani. Haijapona udhaifu wake. Ikatwe kwenye intaneti kama kazi haihitaji intaneti. Na mlango ule wa kivinjari usifunguliwe nje ya ofisi, kwa sababu anayeufikia amefika mbele ya skrini ya mtunza hazina.

Kabla ya kuanza

Si kila ofisi inahitaji njia hii. Kama mna hati za Word na Excel tu, LibreOffice itazifungua bure juu ya Linux, na inaweza kujaribu hata faili za Publisher. Ndugu wanaotafsiri Biblia kwa Paratext wajue kwamba programu hiyo ina toleo la Linux pia. Kontena ni kwa ajili ya ile programu isiyo na ndugu mwingine popote.

Na kama hamna tena diski ya kuwekea programu hiyo, msingoje. Kompyuta ya zamani ikiwa bado inawaka, fundi anaweza kunakili diski yake nzima na kuijaribu ndani ya mashine pepe. Ikishakufa, kazi hiyo inakuwa ngumu na ya gharama, na mara nyingine haiwezekani.

Basi tunashauri kila parokia ifanye jambo moja wiki hii, kabla ya kontena yoyote: katibu na mtunza hazina wakae pamoja, waandike kwenye karatasi ni programu gani zinatumika, ziko kwenye kompyuta ipi, na nakala ya mwisho ilifanywa lini. Palipo na jibu la "hatujui", hapo ndipo pa kuanzia.