Safari ya Nje, Ndege ya Ndani: Tiketi na Madaraja kwa Mwalimu wa Kiswahili Aendaye Marekani

Wahitimu wa Kiswahili kutoka vyuo vikuu vya Kenya wamekuwa wakivuka bahari kwenda kukifundisha nchini Marekani, baadhi yao chini ya mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa walimu wa lugha za kigeni, na wengine wakiwa wanafunzi wa uzamifu. Wale ambao wafadhili wao huwakatia tiketi hupata nafuu. Wanaojikatia wenyewe aghalabu huielekeza akili yote kwenye safari kubwa, yaani Nairobi hadi New York, ambayo tangu Oktoba 2018 imekuwa na ndege ya moja kwa moja ya Shirika la Ndege la Kenya. Tatizo ni kwamba vyuo vingi vinavyofundisha Kiswahili haviko New York. Chuo Kikuu cha Wisconsin kiko Madison, cha Indiana kiko Bloomington, cha Kansas kiko Lawrence, nacho cha Ohio kimo katika mji mdogo wa Athens. Kati ya uwanja wa New York na darasa analolitarajia mwalimu huyu pana safari ya ndani, na hiyo ndiyo humponza.

Suala la msingi ni iwapo safari nzima imo katika tiketi moja au mbili. Tiketi moja, hata ikihusisha mashirika mawili, ni mkataba mmoja. Ndege ya kwanza ikichelewa na kumkosesha abiria ya pili, huwa ni jukumu la mashirika husika kumtafutia nafasi katika ndege nyingine. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Marekani zimeuridhia, huihesabu safari ya namna hiyo kuwa safari moja ya kimataifa, kikiwemo kipande chake cha ndani. Abiria anayeweza kuthibitisha hasara iliyotokana na kucheleweshwa aweza kudai fidia, ingawa shirika huepuka dhima likionyesha kuwa lilichukua kila hatua ifaayo kuzuia ucheleweshaji huo.

Mwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hana kinga hiyo. Shirika la pili halina haja ya kujua kwamba ndege ya Nairobi ilichelewa. Kwake, abiria huyo hakufika tu, na tiketi yake hupotea. Tofauti ya bei iliyomvutia msafiri huweza kuyeyuka hapo hapo kaunta anapolazimika kununua nafasi ya siku hiyo hiyo. Ikumbukwe pia kuwa hata katika tiketi moja, anayekiruka kipande kimoja kwa hiari yake kwa kawaida hufutiwa vyote vinavyofuata, ikiwemo safari ya kurudi.

Isitoshe, Marekani humtaka kila aingiaye kupitia uhamiaji na forodha katika uwanja wa kwanza anaotua. Hata begi lililoandikiwa kituo cha mwisho ni lazima lichukuliwe, lipitishwe forodha, kisha likabidhiwe upya. Foleni zaweza kuwa ndefu, na saa moja na nusu baina ya ndege mbili ni kamari. Saa tatu au nne zina busara zaidi. Msafiri aangalie vilevile jina la uwanja, wala si la jiji pekee. New York huhudumiwa na viwanja vitatu vikubwa: John F. Kennedy, LaGuardia na Newark, na hicho cha mwisho kimo katika jimbo jingine, New Jersey. Mkenya hapaswi kulishangaa jambo hili. Atokaye Kisumu kwa ndege inayotua Wilson naye hulazimika kuvuka msongamano wa Nairobi na mizigo yake ili aifikie ndege ya kimataifa uwanjani Jomo Kenyatta.

Kuhusu mizigo, wanafunzi wa fasihi wana udhaifu unaojulikana: vitabu. Kilo 23 za begi moja hujaa upesi kamusi mbili na diwani chache zikiisha kupangwa. Kanuni za Idara ya Uchukuzi ya Marekani hutaka kiwango cha mizigo kilichotumika mwanzoni mwa safari kiendelee hadi mwisho, mradi safari yote imo katika tiketi moja. Mwenye tiketi ya pande mbili hukutana na ada za ndani, ambazo mashirika makubwa ya huko yalianza kuzitoza hata kwa begi la kwanza mwaka 2008. Southwest, lililosifika kwa kubeba mabegi mawili bila malipo, liliiacha desturi hiyo kwa abiria wake wengi mwezi Mei 2025.

Yabaki madaraja. Neno lenyewe lina utamu wake, kwa kuwa daraja ni cheo na pia ni kivukio. Tafsiri ya "daraja la uchumi", hata hivyo, yatia shaka: dhana ya asili ni uwekevu, wala si uchumi wa nchi, na "daraja la kawaida" lingefaa zaidi. Majina haya hayana maana moja kila mahali. Katika ndege nyingi za ndani za Marekani, kinachoitwa daraja la kwanza ni kiti kipana tu, wala si kitanda kama katika daraja la biashara la safari ndefu. Ndege ndogo za abiria 50 ziendazo miji midogo mara nyingi hazina daraja la juu kabisa, hivyo aliyelipia biashara kutoka Nairobi huweza kumaliza safari katika daraja la kawaida. Kwa safari ya saa kumi na nne au zaidi, kiti cha kulalia kina thamani kwa amwezaye. Kwa saa moja ya Nairobi hadi Mombasa, ni vigumu kuitetea gharama hiyo.

La hatari zaidi kwa mfuko mdogo ni tiketi ya chini kabisa, ambayo mashirika ya Marekani huiuza ikiwa na masharti makali: aghalabu haibadilishwi, na kuchagua kiti hulipiwa. Kwa anayesubiri viza, hiyo ni bei ya kukwepwa. Kanuni za Marekani humruhusu aliyenunua moja kwa moja kwa shirika, siku saba au zaidi kabla ya safari, kuifuta tiketi ndani ya saa 24 bila faini, isipokuwa pale shirika linapomwezesha kuishikilia nafasi kwa muda huo kabla ya kulipa. Saa hizo zitumike kuhakiki jina kama lilivyo katika pasipoti, tarehe na viwanja.

Naye aendaye Athens ajue kuwa tiketi yake itaishia Columbus. Zilizosalia ni takriban kilomita 120 za barabara, na hazimo katika tiketi yoyote ya ndege.