Komisionere Analipwa na Nani?

Mama wa Mulongo anayeuza samaki wa Lualaba, akitaka kununua parseli Kamina ili watoto wasome huko, hupanda mto kwa boti hadi Bukama, kisha hutafuta treni au gari. Akifika Kamina haanzii benki. Anaanzia kwa komisionere, dalali wa nyumba na parseli. Huyu hana ofisi wala kibao mlangoni. Ana simu mbili na kitabu cha shule kilichokunjwa mfukoni, kimejaa namba za avenyu na majina ya wenye nyumba. Mbele ya geti, kabla hata ya kubisha hodi, anageuka: “Mama, kwanza franga ya vizite.”

Hiyo ndiyo gharama ya kwanza, na ndogo kuliko zote. Ya pili ni komisheni yenyewe. Kwa nyumba ya kupanga, desturi ya miji mingi ya Kongo ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa parseli inayouzwa, ni asilimia ya bei, mara nyingi kati ya 5 na 10. Watu hubishana sana juu ya asilimia hiyo, na ubishi wao ni halali. Lakini gharama inayoumiza ni ya tatu, ile ambayo hakuna anayeitaja.

Tuseme mwenye parseli amesema anataka dola 3,500. Komisionere anamwambia mnunuzi dola 4,000. Mnunuzi analipa 4,000 na kuongeza komisheni ya asilimia 10, yaani 400. Mwenye parseli anapokea 3,500 zake, anashukuru. Dola 900 zimebaki katikati, zaidi ya robo ya alichopata mwenye mali, na kila upande unaamini komisionere alikuwa mtu wake. Dar es Salaam madalali huita nyongeza hiyo cha juu. Kamina huenda isiwe na jina, lakini hesabu yake ni ileile.

Kwa nini mama huyu hakupita benki? Kwa sababu mkopo wa nyumba hausimami bila rehani, na rehani ya nyumba Kongo haisimami bila hati ya usajili, ile sertifika inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Sheria ya mali ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya ardhi yote kuwa ya Serikali; mtu anapewa konsesyo, na haki yake inathibitishwa na sertifika hiyo. Rehani nayo ni lazima isajiliwe ili benki iweze kuitegemea. Wengi mjini wana fishi ya parseli tu, karatasi ambayo mtaa mzima unaitambua na benki inaitazama kwa shaka. Mulongo kwenyewe ni mbali zaidi: ardhi iko mikononi mwa chifu na koo. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba ordonansi ya Rais ingefafanua haki za wenyeji juu ya ardhi hizo. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila ordonansi hiyo kutoka. Hata Kenya, yenye mabenki makubwa na soko la nyumba linalosifiwa, mikopo ya nyumba ilikuwa kama 30,000 tu nchi nzima mwaka 2023.

Kwa hiyo wakala wa mikopo ya nyumba, mtu ambaye kazi yake ni kukutafutia benki ya kukukopesha, hatumjui. Nchi zilizomjua, hata hivyo, zimekwisha kugombana naye juu ya jambo hilihili la mama wa Mulongo: nani anamlipa mtu wa katikati.

Marekani, kabla ya mwaka 2008, benki ilikuwa ikimlipa wakala zaidi kama angemuuzia mteja mkopo wa riba ya juu kuliko ile aliyostahili. Mteja aliambiwa huduma ni bure. Alikuja kuilipia kwa miaka 30, kidogo kidogo, ndani ya riba. Baada ya soko la nyumba kuanguka, sheria ikabadilika: tangu Aprili 2011 malipo ya wakala hayaruhusiwi kupanda kwa sababu masharti ya mkopo ni mabaya zaidi kwa mkopaji, wala wakala hawezi kula pande zote mbili katika mkopo mmoja. Australia walichagua njia nyingine. Huko benki humlipa wakala karibu asilimia 0.65 ya mkopo siku ya kwanza, kisha karibu asilimia 0.15 kila mwaka mkopo unapoendelea. Tume ya kuchunguza mabenki iliyoongozwa na jaji Kenneth Hayne ilipendekeza mwaka 2019 kwamba mkopaji ndiye amlipe wakala. Serikali haikufika huko. Badala yake, tangu Januari 2021, wakala amefungwa na sheria kutanguliza maslahi ya mkopaji. Binafsi naona Hayne alikuwa na haki. Anayelipwa na benki anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na bado akaona benki fulani ni nzuri zaidi siku ambayo inalipa vizuri zaidi.

Kinachoshangaza ni kwamba sisi tuna sheria nzuri kuliko tunavyodhani. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, Septemba 2012, na tangu hapo Sheria ya Pamoja ya biashara, ile iliyopitishwa Lomé Desemba 2010, ni sheria yetu. Ndani yake kuna sura juu ya dalali, yaani mtu ambaye kazi yake ni kukutanisha watu ili wafunge mkataba. Haitaji parseli za Kamina, lakini kazi ambayo sura hiyo inaieleza ni ileile ya mtu wa kitabu cha shule. Inasema malipo yake ni asilimia ya thamani ya biashara. Kama muuzaji peke yake ndiye aliyemtuma, komisheni ni mzigo wa muuzaji na haiwezi kubebeshwa mnunuzi juu ya bei. Kama ni mnunuzi aliyemtuma, komisheni hupatanwa kabla, na mnunuzi hulipa yote. Haki ya kulipwa huzaliwa mkataba unapofungwa. Na dalali aliyeahidiwa malipo na upande wa pili bila aliyemtuma kujua, hupoteza haki ya komisheni.

Soma hiyo ya mwisho ukikumbuka zile dola 900.

Na franga ya vizite je? Sheria inakubali dalali arudishiwe gharama zake ikiwa ilikubaliwa hivyo, hata biashara isipofungwa. Nauli ya pikipiki ni gharama. Lakini anayeishi kwa vizite ana sababu ya kukuonyesha nyumba iliyokwisha kuchukuliwa, kisha nyingine, kisha nyingine. Patana naye kiasi kimoja kwa siku nzima, si kwa kila geti. Kwa wapangaji neno moja tu: sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kuishi kuwa kodi ya miezi mitatu; komisionere anayekuambia miezi sita ni kawaida anakueleza desturi, si sheria.

Kwa mnunuzi, swali la kwanza kwa komisionere lisiwe “asilimia ngapi?” bali “papa, nani amekutuma?” Akijibu kwamba ametumwa na mwenye parseli, basi mwenye parseli ndiye atakayemlipa. Akisema anakufanyia kazi wewe, muandikiane komisheni kwenye karatasi kabla ya kutoka kwenda kuangalia. Halafu mwenye parseli aje mwenyewe siku ya malipo, franga zihesabiwe mezani mbele yake, na hati ya mauzo itaje kiasi kilichoingia mkononi mwake. Komisionere akikuambia mzee yuko safarini na amemwachia yeye kupokea, ahirisha malipo hadi mzee arudi.