Kisigino Kikavu Hudai Maji Kabla ya Mafuta

Katika maradhi madogo ambayo watu wameyazoea hata wakasahau kuwa ni maradhi, ni machache yanayodharauliwa kuliko magaga. Kwani mkulima aliyeshinda shambani peku, mvuvi aliyekanyaga chumvi na mchanga tangu alfajiri, na mwalimu aliyesimama darasani mchana kutwa na makubadhi yake, wote huyatazama mapasuko ya visigino vyao kama jambo waliloandikiwa. Nami nasema kwa yakini kwamba magaga yana sababu zinazojulikana na tiba nyepesi, na kwamba aghalabu wanaojitibu hawafaulu si kwa kukosa dawa, bali kwa kuitumia wakati usio wake.

Ngozi ya unyayo haikuumbwa sawa na ngozi ya mahali pengine. Lile tabaka la juu kabisa, ambalo ni seli zilizokwisha kufa zikashikamana na kujaa protini ngumu iitwayo keratini, tumboni au mkononi lina unene wa kama sehemu ya hamsini ya milimita, ilhali kisiginoni huweza kupita milimita nzima. Na juu ya unene huo, unyayo hauna hata tezi moja ya mafuta, ingawa tezi za jasho umejaaliwa tele. Basi ulaini wa kisigino hautokani na mafuta ya mwili, maana hayapo. Watokana na maji yanayopanda kutoka ndani pamoja na jasho. Maji hayo yakipungua hata yasifike sehemu kumi katika mia za tabaka hilo, ngozi haiwezi tena kunyumbuka, na kila hatua yawa ni ya kuipasua.

Tazama kisigino chenye magaga kwa makini, nawe utaona kwamba mapasuko hayako katikati bali ukingoni, pale ngozi ilipogeuka manjano na kukakamaa, yakishuka wima sambamba, yamejaa vumbi jeusi lisilotoka kwa sabuni, na makali yake hunasa nyuzi za shuka usiku. Sababu yake ni kwamba chini ya kisigino pana mto wa shahamu unaotanuka kila uzito wa mwili unapoushukia. Kiatu kilichofunika nyuma huuzuia mto ule usipanuke, lakini kandambili na makubadhi huuacha utambae upendavyo, na ngozi kavu ya ukingoni, isiyoweza kuufuata, ikaachana kama tope la bwawa lililokaushwa na jua. Ndiyo maana mtu mnene, na mtu asimamaye siku nzima juu ya sakafu ya saruji, wako hatarini zaidi.

Tena yako mambo yanayodhaniwa kuwa huleta unyevu kumbe huleta ukavu. Mguu unaoloweshwa mara nyingi na kuachwa ukauke kwa upepo hupoteza maji mengi kuliko uliyoyapata, na sabuni kali huondoa hata vile vitu vya asili vinavyoyashika maji ndani ya ngozi. Mwenye kutawadha mara tano kwa siku, naye ameusiwa asiache kisigino kikavu katika udhu wake, hana haja ya kuogopa. Anachohitaji ni kujifuta kwa kitambaa na kujipaka mafuta baada ya Isha, kabla ngozi haijakauka.

Na hapa ndipo kilipo kiini cha maneno yangu. Mafuta hayatii maji ndani ya ngozi. Huyazuia tu yaliyomo yasitoke. Anayepaka mafuta ya nazi, au hata mafuta ya mgando, ambayo hayana mfano katika kuzuia maji, juu ya kisigino kilichokwisha kukauka, ameufungia ukavu ndani. Taratibu iliyo bora ni hii: usiku, miguu ilowekwe katika maji ya vuguvugu kwa muda wa dakika kumi au kumi na tano, ngozi iliyolainika isuguliwe polepole kwa jiwe la miguu, kidogo kila siku, wala si yote kwa siku moja, kisha ifutwe bila kukaushwa kabisa, na mafuta yapakwe papo hapo, isipokuwa baina ya vidole, ambako unyevu huzalisha fangasi. Soksi za pamba zikivaliwa juu yake hadi asubuhi, kazi imetimia. Pale ngozi ilipokuwa nene mno, dukani kwa mfamasia hupatikana malhamu yenye yurea: ikiwa sehemu kumi katika mia huvuta maji, na ikifika ishirini na tano au zaidi huilegeza keratini yenyewe. Katika pasuko lililo wazi huwasha vikali, basi lingojewe lifunge kwanza.

Wembe usikaribie kisigino kamwe, wala ndimu, wala piko, ambayo huwatia wengi malengelenge hata juu ya ngozi nzima.

Ama liko kundi moja ambalo kwalo magaga si jambo dogo hata kidogo. Kisukari na ukoma huharibu mishipa ya fahamu ya mguu, na mishipa hiyo hiyo ndiyo iamrishayo jasho. Kwa hiyo mguu hukauka, hupasuka, na mwenyewe, kwa ganzi aliyo nayo, hana habari, mpaka vijidudu vipenye na kidonda kichimbe hadi mfupani. Mtu wa namna hii asitie mguu majini kabla mwingine hajayapima kwa kiwiko, asiuloweke muda mrefu bila shauri la tabibu, na kila jioni atazamwe nyayo na mtu wa nyumbani, au ajitazame kwa kioo kilicholazwa sakafuni. Pasuko linalotoa damu au usaha kwake ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Hatimaye, ikiwa mguu mmoja tu ndio mkavu, au unga mweupe umeenea katika mistari ya unyayo wote na kucha zimekuwa nene na kuvurugika rangi, yumkini si ukavu bali ni fangasi, na mafuta pekee hayataufaa. Malhamu ya klotrimazoli au tabinafini hutumika, nayo huendelezwa mpaka muda ulioandikwa utimie hata kama ngozi imeonekana safi kabla. Lakini kucha zikiisha kuingiliwa, aghalabu hapana budi vidonge vya kumeza kwa miezi kadhaa, navyo huandikwa na daktari baada ya kuuliza hali ya ini.